Mpokeaji mkorofi: abaki au auzwe?

Kila mwezi wa Machi, soko la wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, likifunguliwa, lazima iwepo klabu moja yenye mpokeaji (mdakaji wa mipira inayorushwa) hodari ambaye ulimi wake hauna breki. Mashabiki hugawanyika: abaki, aende. Kazi yangu ni kuchambua mikataba ya wachezaji hao, na jibu langu huwaudhi wengi, maana tabia siitazami kwanza. Naangalia kama mrushaji bado anamtaka, halafu naangalia hesabu.

Kwa asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani: mrushaji, yaani kwotabeki, ndiye mpira hupitia kwake karibu katika kila shambulizi. Timu hushambulia mara 60 hivi kwa mechi, na mpokeaji nyota hurushiwa labda mara kumi. Zilizobaki anakimbia bure. Anamtoka beki, anageuka, mikono iko tayari, mpira umekwenda kwa mwingine. Riziki yake iko mkononi mwa mtu wa pili, ndiyo maana wapokeaji hulalamika kuliko walinzi. Sehemu kubwa ya huo tunaouita ukorofi inatokana na nafasi yenyewe.

Sasa mpokeaji Terrell Owens. Philadelphia Eagles walikuwa wamekwama fainali ya kanda yao misimu mitatu mfululizo. Alipofika 2004 akawapa yadi 1,200 za kusonga mbele na tachidauni 14 (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) katika mechi 14. Desemba akavunjika mguu, akawekewa chuma na skrubu. Wiki saba baadaye, Februari 2005, akacheza Super Bowl, fainali kuu ya ligi, mjini Jacksonville na kudaka mipira 9 kwa yadi 122. Eagles walifungwa 24–21 na New England Patriots, lakini si kwa sababu yake.

Baada ya mwaka mmoja tu akataka mkataba mpya. Watu walimcheka, kwani alikuwa na miaka saba ya karibu dola milioni 49. Mimi sikuona cha kucheka. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa na dhamana, na klabu ingeweza kumwacha kabla hajaiona.

Alipoharibu ni pale alipomgusa mrushaji wake, Donovan McNabb. Alisema si yeye aliyechoka kwenye Super Bowl, akimlenga McNabb. Agosti kocha Andy Reid akamtoa kambini kwa wiki nzima. Jamaa akaenda kufanya mazoezi ya tumbo nje ya nyumba yake mbele ya kamera. Novemba akakubali kwenye televisheni kwamba timu ingekuwa bora ikiwa na Brett Favre, mrushaji wa klabu nyingine. Akafungiwa mechi nne, kisha akaambiwa asirudi msimu huo. Eagles, walioshinda 4 na kufungwa 3 wakati yeye anacheza, walimaliza na ushindi 6 na vipigo 10. Haki isemwe, McNabb naye aliumia.

Novemba hakukuwa na njia nyingine. Ila nafasi ya kuamua ilikuwa masika, bei yake ikiwa juu: wangemwongezea dhamana kidogo au wamuuze.

Ukichelewa, hesabu inakugeukia. NFL ina ukomo wa mishahara kwa kila klabu. Fedha ya kusaini hulipwa mapema, lakini kwenye vitabu hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Mchezaji akiondoka, kilichobaki kinaweza kuangukia mwaka mmoja. Pittsburgh Steelers walipomtoa Antonio Brown Machi 2019, tayari amegombana na wenzake hadharani, walipata chaguo la raundi ya tatu na la tano tu (zamu za kuchagua chipukizi wanaoingia ligi), na wakabeba zaidi ya dola milioni 21 za mtu ambaye hayupo. Raiders waliomchukua nao walimwacha kabla hajawachezea mechi moja ya ligi.

Lakini kununua mkorofi kwa bei ya chini si ujinga. Mwaka 2007 Patriots walitoa chaguo la raundi ya nne kumpata Randy Moss, naye akadaka tachidauni 23 msimu huo, rekodi mpaka leo. Mrushaji wake alikuwa Tom Brady, mmoja wa warushaji bora kabisa.

Na ukimwacha tu bila kumuuza, huchagui aendako. Machi 2006 Owens alisaini Dallas Cowboys, wapinzani wa Eagles katika kundi lilelile, wanaokutana nao mara mbili kila msimu. Mwaka huo akaongoza ligi nzima kwa kudaka tachidauni 13.