Gemu hufanya nini kwa mtu mwenye mawazo

Mtu akikuambia "nina mawazo", hutadhani kwamba ana kazi ya kutafakari. Unajua kuna jambo linamla: deni, msiba, kuachwa, kazi iliyokatika ghafla. Na jibu letu liko mdomoni tayari: "Usiwaze sana, ndugu yangu." Ushauri huo hautekelezeki. Mwenye jino bovu mwambie asiliwaze, uone atakavyokutazama.

Sasa, watu wanaposikia kwamba gemu za video zinaweza kumsaidia mtu mwenye shida ya afya ya akili, wengi huelewa "kujisahaulisha", kama wanaokwenda kilabuni kusahau. Kusahau kupo, sikatai, lakini ndiyo sehemu ndogo ya habari. Akili haiachi kuwaza kwa kuamriwa. Huacha pale sehemu ile ile inayowazia inaposhikwa na kazi nyingine. Nasisitiza "sehemu ile ile", maana hapo ndipo gemu moja inapotofautiana na nyingine.

Chukua mtu aliyetoka kwenye ajali ya barabarani. Yeye hasumbuliwi na maneno. Husema, "Ile picha hainitoki machoni." Taa za lori, kioo kinapasuka, kiatu cha mtu katikati ya lami. Anaosha vyombo, picha inakuja. Anafumba macho alale, imeshafika kabla ya usingizi. Tuziite kumbukumbu vamizi, kwa sababu huingia bila hodi, nazo ni miongoni mwa dalili kuu za kiwewe, lile jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha.

Hapa ndipo inapoingia gemu ambayo hakuna angeidhania: Tetris, ile ya matofali yanayoshuka. Ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Wa rika langu tuliijua kupitia kile kidude cha mkononi cha betri kilichojaa madukani, kilichojinadi kuwa na gemu 9999 ndani, kumbe zote ni matofali tu. Ukiicheza huna nafasi ya kuona kitu kingine. Tofali linashuka, wewe unalizungusha kichwani kabla hata kidole hakijabonyeza, unatafuta pengo lake pale chini, na jingine limeshatokea. Jicho la ndani limejaa.

Mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliliona hilo jicho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 waliwaonyesha watu filamu yenye matukio ya kutisha, kisha baada ya nusu saa baadhi yao wakacheza Tetris kwa dakika 10. Wiki iliyofuata, waliocheza walivamiwa na picha mara chache kuliko wenzao. Walipoulizwa yaliyomo kwenye filamu, waliyakumbuka vizuri tu. Kilichopungua ni zile picha kuja zenyewe.

Maelezo ya Holmes ni kwamba kumbukumbu mpya huwa kama zege lililomwagwa sasa hivi: kwa saa kadhaa bado halijashika. Ukilipa jicho la ndani kazi nzito katika muda huo, ile picha hushika kwa udhaifu. Na si kila mchezo unafaa. Mwaka uliofuata timu hiyo ililinganisha Tetris na chemsha bongo ya maswali na majibu. Chemsha bongo haikupunguza chochote. Waliocheza mchezo huo nusu saa baada ya filamu walivamiwa zaidi hata ya waliokaa bure. Maneno yalishindana na maneno, picha ikaachwa itambe.

Kisha wakatoka maabara wakaenda hospitali. Katika utafiti wa mwaka 2017, watu 71 waliofikishwa idara ya dharura ya hospitali ya John Radcliffe, Oxford, baada ya ajali za magari walishughulikiwa ndani ya saa 6. Nusu yao waliombwa wakumbuke kidogo dakika ile mbaya kuliko zote, halafu wakapewa Tetris wacheze kama dakika 20. Nusu nyingine waliandika tu walichokuwa wakifanya tangu wafike. Kwa wiki nzima waliocheza walipata wastani wa picha vamizi karibu 9. Wenzao walipata zaidi ya 23. Lakini baada ya mwezi mmoja tofauti kati ya makundi hayo haikuwa wazi tena. Kwa hiyo ukimpa majeruhi simu yenye Tetris usidhani umemaliza kazi ya daktari. Umemsaidia kuvuka wiki ya kwanza, na aliyewahi kukesha na picha ya aina hiyo anajua thamani ya wiki.

Mimi habari hii ilinikumbusha misibani. Usiku wa matanga wanaume hukaa nje na karata, drafti au bao mpaka alfajiri, na wageni wengine huona kama ni kukosa heshima. Sidai kwamba wazee walifanya utafiti. Nasema tu kwamba mfiwa akipewa karata mkononi huwa hapewi kwa sababu ana furaha.

Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni shida ya namna nyingine, na gemu huigusa kwa njia nyingine. Sonona hula ile nguvu ya kuanza jambo. Shati moja la kufua linakaa kwenye beseni siku nne. Gemu kwa upande wake imejengwa kwa kazi ndogo ndogo zenye jibu hapo hapo: vuka daraja, umevuka, okota funguo, umeokota. Aliyeshindwa na beseni anapata mahali ambapo jitihada yake inaonekana. Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walilitumia jambo hilo kutengeneza SPARX, gemu ya kompyuta ambamo kijana anarudisha uhai kwenye ulimwengu uliotawaliwa na mawazo ya kukatisha tamaa, huku akijifunza mbinu zile zile ambazo mshauri angemfundisha ofisini. Mwaka 2012 waliripoti matokeo ya vijana 187 wa miaka 12 hadi 19 wenye dalili za sonona: waliocheza hawakuwa nyuma ya waliopata ushauri wa kawaida.

Ila gemu hizi za kitabibu ni chache. Wengi wetu tunacheza soka tu, na huko msaada mkubwa ni watu. Mtaani kwetu kuna kibanda cha gemu, televisheni mbili, benchi moja, mechi shilingi 500. Kuna kijana alifiwa na baba yake, akawa anakuja kila jioni. Hakuna aliyemkalisha chini kumuuliza anaendeleaje. Walikaa bega kwa bega, macho kwenye kioo, padi mkononi, na kati ya kona na penalti akawa anadondosha neno moja moja: nyumba ina kesi, mama halali. Nadhani asingeyasema kama angetazamwa usoni. Wanaume wengi hatuwezi.

Utasema labda wanaocheza ni wale wenye nafuu tangu mwanzo. Swali hilo ni la haki, na limewasumbua watafiti kwa miaka. Lilipata jibu zuri Japani, kwa bahati nasibu. Kati ya 2020 na 2022 mashine za Nintendo Switch na PlayStation 5 ziliadimika, maduka yakaanza kuziuza kwa kura. Aliyepata na aliyekosa walitofautiana kwa bahati tu. Watafiti wakatumia majibu ya watu 97,602, na mwaka 2024 wakachapisha kwamba kupata mashine kuliinua hali ya akili. Faida hiyo ilififia kwa waliozidisha saa 3 kwa siku.

Upande wa pili upo. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Wao hawahesabu saa peke yake. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imepita kila kitu maishani, kama anaendelea huku akiona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Na tafadhali tusichanganye mambo: dubwi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu, ni kamari, hata kama lina taa na muziki na limewekwa mlango wa pili.

Mwenye kibanda chetu anawatambua wateja wake bila orodha ya mtu. Anayecheza mechi tatu akaaga, na anayebaki hela ikiwa imeisha, anatazama mikono ya wengine mpaka taa izimwe. Yule kijana aliyefiwa alikuwa wa kundi la kwanza. Kuna wiki hakuonekana siku tatu mfululizo, mwenye kibanda akamtuma mtoto akamgongee nyumbani. Alikuwa na malaria.