Fowili haikusaidii kusimama kwenye barafu

Kila msimu wa baridi wanafunzi wangu huniambia jambo lilelile, wengine hata kabla ya kufunga mkanda: "Mwalimu, mimi nina fowili, theluji hainitishi." Nimechoka kulisikia, maana ndilo linalowatupa watu mitaroni.

Fowili inapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne. Faida yake ni kuondoka: kupanda mlima wenye theluji au kujinasua ulipokwama. Basi. Ukikanyaga breki, nguvu hiyo haina kazi tena. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, na kinacholisimamisha ni jinsi raba ya tairi inavyoshika barabara. Kwenye kona ni vivyo hivyo. Tena fowili nyingi ni nzito, na gari zito likishaanza kuserereka si rahisi kulizuia. Kibaya zaidi, kwa kuwa liliondoka bila tairi kuzunguka bure, dereva hakupata dalili yoyote ya utelezi. Anafika kilomita 80 kwa saa akiamini njia ni nzuri, barafu anaijua anapotaka kusimama. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unaonya kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa barabara kavu.

Kama una pesa ya kutumia, nunua tairi za baridi, zote nne. Raba ya tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata pasipo theluji. Ya tairi za baridi hubaki laini. Gari dogo lenye tairi hizo litasimama mapema kuliko fowili yenye tairi za kiangazi. Ukifunga mbili tu mbele, nyuma ndiko kutakakochomoka kwenye kona.

Wengine hupunguza upepo wa tairi wakidhani zitashika zaidi: usifanye hivyo barabarani. Baridi yenyewe inaupunguza, kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Pima tairi zikiwa hazijatembea, ujaze kiwango alichoweka mtengenezaji.

Kupampu breki, yaani kukanyaga na kuachia mara kwa mara, ni kwa magari yasiyo na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki. Ikiwepo, kanyaga kwa nguvu ushikilie. Pedali itatetemeka, usiiachie, na usukani uelekeze unakotaka kwenda.

Halafu wapo wanaosema hakuna barafu kwa sababu kipimajoto cha gari kinaonyesha nyuzi 2. Kinapima hewa, hakipimi lami. Daraja hupoteza joto juu na chini, kwa hiyo huganda kabla ya barabara iliyo kabla yake, na barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu, ina utelezi kuliko ile ya baridi kali. Toa mguu kwenye mafuta kabla hujalifikia daraja, na ukiwa juu yake usikanyage breki wala kukata usukani ghafla.