Njia fupi ya mlimani hurefuka theluji ikianguka

Majira ya baridi yakianza katika milima ya Alps, sisi tunaopokea simu za uokoaji husikia lalamiko lilelile: kibao kiliandika saa moja na nusu, tumetembea saa tatu na giza limetukuta. Kibao hakikukosea. Kilikuwa cha majira ya joto.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Nchini Uswisi, vibao vya njano ni vya njia za kawaida za miguu, na muda ulioandikwa umekadiriwa kwa ardhi kavu. Theluji ikianguka having'olewi. Vinabaki palepale vikionekana vizuri, lakini njia yenyewe haina anayeihudumia. Njia za majira ya baridi zina vibao vya rangi ya waridi. Hizo hushindiliwa, hukaguliwa, na hufungwa hatari ya maporomoko ya theluji inapopanda. Ukitaka matembezi mepesi ya saa moja au mbili, hasa ukiwa na watoto au wazee, fuata waridi. Ukikuta kamba imefungwa njiani, rudi ulikotoka, hata kama unaona nyayo za mtu aliyeivuka kabla yako.

Taarifa ya maporomoko hutolewa kila siku kwa madaraja 5, na watu huisoma vibaya. Wanaona 3, wanasema ni katikati, kwa hiyo si mbaya. Tafadhali! Vifo vingi hutokea siku za daraja la 3, kwa sababu kwenye 5 watu hubaki nyumbani. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na njia yako tambarare inaweza kuwa imepita chini yake kabisa.

Wanaovaa viatu vipana vya theluji hudhani sheria ni za wanaoteleza kwa ski tu. Italia, tangu tarehe 1 Januari 2022, hata mtembea kwa miguu kwenye theluji penye hatari ya maporomoko anatakiwa kuwa na kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi ili aliyefukiwa apatikane, sepetu, na fimbo ndefu ya kuchokolea theluji. Asiye navyo hutozwa faini ya euro 100 hadi 150. Na ujue kuvitumia, maana aliyefukiwa hutegemea dakika 10 hadi 15 za kwanza, na ndani ya dakika hizo mwokozi ni wewe uliye karibu naye.

Kuhusu mavazi, nitataja pamba tu, ikiwemo jinzi: usiivae. Nimeshika suruali ya jinzi ya mtu tuliyemteremsha jioni: ilikuwa imekakamaa kama ubao, ukiigonga inalia. Alikuwa amekaa kwenye theluji kupiga picha, ikalowa, kisha kivuli kikaingia. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo wa kilomita 30 kwa saa hufanya nyuzi 10 chini ya sifuri zihisiwe kama 20. Simu nayo huzimika kwa baridi, hivyo iweke karibu na mwili, si mfuko wa nje wa begi.

Ukipata tatizo, piga 112 popote Ulaya. Uswisi pia 1414, Austria 140. Mtandao wako ukikosekana, jaribu 112 hata hivyo, kwa kuwa simu inaweza kupita kwenye mtandao mwingine. Anza na mahali ulipo, ndipo ueleze kilichotokea, idadi ya watu, majeraha, na hali ya hewa. Usikate simu kabla hujaambiwa. Bila simu, puliza filimbi au washa tochi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia mara 3 kwa dakika, umejibiwa. Helikopta ikija, inua mikono yote miwili kama herufi Y, maana yake unahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini ni kusema huhitaji. Funga vitu vyote visipeperuke, na usiisogelee mpaka wahudumu wakuite.

Kabla ya kutoka, mwachie mtu jina la njia na saa utakayorudi. Na ukichelewa lakini umefika salama, mpigie palepale, kabla ya kuvua viatu, kwa sababu huenda ameshatupigia na timu imeshaanza kupanda gizani kukutafuta.