Kiungulia si vidonda vya tumbo

Shemeji yangu akishiba hulegeza mkanda, hujinyoosha kwenye kochi, na robo saa haiishi kabla hajashika kifua: "Vidonda vyangu vimeamka." Hajawahi kupimwa. Vidonda hivyo kajipa mwenyewe, kwa mdomo.

Kiungulia ni ule moto nyuma ya mfupa wa kifua, mara nyingine hadi kooni, asidi ya tumbo inapopanda kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Basi.

Neno lenyewe lingetosha kututoa gizani. Limetoka kwenye ungua, na ile l iliyochomoza si ya bahati mbaya: kama fungua inavyozaa fungulia, na pasua ikazaa pasulia, ungua nayo huzaa ungulia. Kwa hiyo kiungulia ni jina la unachohisi, halikutaja jeraha lolote. Tendo linaloleta moto huo lina neno lake, kucheua, lilelile la ng'ombe na la mtoto mchanga. Ukicheua asidi, umio huungua kwa sababu hauna ute mzito kama ule unaolinda kuta za tumbo. (Waingereza wamekipa kiungulia jina lenye moyo ndani yake, heartburn. Moyo haumo, umio hupita tu nyuma yake.)

Kidonda ni jambo la tatu kabisa: ukuta wa tumbo, au wa mwanzo wa utumbo mwembamba, umechimbika. Mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo ili kutetea hoja yake kwamba ndiye huleta vidonda, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Shemeji anashikilia kuwa vyake vimeletwa na mawazo.

Ningenyamaza kama tiba isingefuata jina. Mwenye "vidonda" hunywa maziwa, kisha hulala. Maziwa hupoza kwa muda mfupi tu, halafu tumbo hutoa asidi zaidi ili kuyasaga. Anayejua kwamba anacheua huanza na namna anavyolala. Chakula cha mwisho hukila masaa matatu kabla ya kupanda kitandani, hulalia ubavu wa kushoto, na upande wa kichwani huinua kitanda chenyewe sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii, kwani mwili hujikunja katikati na tumbo likabanwa. Vidonge vya kupoza asidi ni sawa kwa siku mojamoja, lakini bakteria hawavijali. Hao huhitaji antibayotiki, baada ya kipimo.

Maumivu yakisambaa hadi mkononi au kwenye taya, na jasho likakutoka, acha mjadala wa majina, nenda hospitali mara moja: huenda ni moyo kweli. Chakula kikikwama unapomeza, au choo kikiwa cheusi kama lami, hayo pia si ya kutibu nyumbani.

Juzi nilimpelekea shemeji matofali mawili, ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Akayatazama.

"Haya ya vidonda?"

"Ya kiungulia, shemeji."