Bango ni tangazo, si ushahidi

Ninaandaa orodha ya maonyesho ya muziki yaliyofanyika zamani, na swali ninaloulizwa ni lile lile kila wakati: bango lina jina la bendi, lina ukumbi, lina tarehe, sasa unasubiri nini kuliingiza onyesho kwenye orodha? Nasubiri ushahidi. Bango huchapwa kabla ya siku yenyewe. Mtu amekaa na mkasi, gamu na mashine ya fotokopi, anatangaza jambo ambalo bado halijatokea. Halafu gari la bendi linaharibika njiani, mpiga ngoma anaugua, mwenye ukumbi anabadili mawazo na kufunga mlango. Bango limeshabandikwa nguzoni na halirudi kujisahihisha.

Mifano yangu ni ya panki, muziki wa roki wa kasi na kelele, ya Washington, DC, kwa sababu wale vijana walijirekodi, wakajichapia na kujitunzia mambo yao tangu mwanzo. Lebo ya muziki ya Dischord ilianza 1980 ili kutoa santuri ya bendi moja ya vijana, Teen Idles. Maktaba ya umma ya jiji ina mkusanyo wake wa panki tangu 2014. Kama kosa hili la kuliamini bango linapenya hata mahali palipotunzwa namna hiyo, kwingine hali ni mbaya zaidi.

Kwanza mwaka, maana mabango mengi hayana mwaka. Tuseme limeandikwa "Ijumaa, Septemba 23". Kati ya 1976 na 1999 kalenda inakupa 1977, 1983, 1988 na 1994, basi. Ukiona jina la Minor Threat, bendi iliyoanza 1980 na kuvunjika 1983, umebaki na mwaka mmoja. Na kweli onyesho lao la mwisho lilikuwa Ijumaa hiyo ya 1983, katika jengo la Lansburgh, jukwaa moja na Trouble Funk wa go-go, yaani fanki ya Washington, na Big Boys kutoka Texas. Lakini angalia vizuri: kalenda imetupa mwaka wa tangazo tu. Kwamba bendi zilipanda jukwaani tunalijua kwa njia nyingine.

Anwani nazo husaidia. Ukumbi wa 9:30 Club ulikuwa namba 930 F Street tangu 1980, ukahamia 815 V Street Januari 1996. Ukumbi wa Black Cat ulifunguliwa 1993. Kama bango lilitumwa kwa posta, geuza nyuma usome stempu: senti 20 ni kuanzia Novemba 1981, senti 22 Februari 1985, senti 25 Aprili 1988, senti 29 Februari 1991. Stempu inakupa mwanzo tu, kwa sababu watu walitumia za zamani kwa kuongezea nyingine pembeni. Muhuri wa posta, ukisomeka, ni bora mara kumi.

Hapa ndipo ninapokereka hasa. Watu wanaskani upande wa mbele peke yake, wanakata kingo ili picha ipendeze, wanatupia mtandaoni na kusema wamehifadhi historia. Wamekata sehemu iliyokuwa inazungumza! Tazama pembe nne za karatasi. Matundu ya pini za stepla yenye kutu ya kahawia maana yake karatasi ilikaa nje, ikanyeshewa. Pembe iliyochanika na kubaki na ganda la gundi ya unga maana yake ilibanduliwa ukutani. Karatasi safi isiyo na tundu hata moja huenda haikubandikwa kamwe, na sababu moja ya bango kutobandikwa ni onyesho kufutwa. Huenda pia mtu alijiwekea nakala moja nyumbani, au ni fotokopi iliyotolewa miaka 20 baadaye kwa kuuzwa. Ukiona kivuli cha pini ndani ya picha yenyewe, lakini kidole hakigusi tundu lolote, hiyo ni nakala ya bango lililokuwa limeshabandikwa.

Kwa hiyo skani pande zote mbili, kwa rangi hata kama bango ni jeusi na jeupe, nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, na acha ukingo wa nafasi tupu kuzunguka karatasi. Karatasi ya inchi 8.5 kwa 11 hutoka na megabaiti kama 100 kwa upande. Usilaminishe. Usitie kwenye mifuko ya PVC: tona, yaani wino wa unga wa fotokopi, hung'ang'ania plastiki hiyo, na siku ukilichomoa bango, nusu ya maandishi inabaki mfukoni. Tumia poliesta au polipropileni.

Ushahidi wenyewe ni upi? Daftari la fedha za mlangoni. Barua iliyoandikwa wiki ile. Ukanda mzima wa negativu, si picha moja, kwa sababu fremu za kabla na baada zinaonyesha bendi nyingine za usiku huo. Juu ya vyote, kaseti. Fugazi, bendi nyingine ya Washington, walipiga maonyesho zaidi ya 1000 kati ya 1987 na 2002, na zaidi ya 800 yalirekodiwa. Ndiyo maana orodha yao, iliyoanza kuwekwa mtandaoni 2011, inaaminika.

Kaseti kwa haraka: vunja vijino viwili vya plastiki mgongoni kabla hujaichomeka, la sivyo kitufe kimoja kikibonyezwa vibaya onyesho limefutika. Rekebisha skrubu ya kichwa cha mashine kinachosoma kanda mpaka sauti za juu zitoke kali. Nakili kwa biti 24 na kilohezi 96, yaani gigabaiti 2 hivi kwa saa moja. Sikiliza mvumo wa umeme: Marekani ni hezi 60, na ukiupata 62 ujue kanda inakimbia. Usikate maongezi kati ya nyimbo. Pale mwimbaji hushukuru bendi iliyotangulia au kutaja habari ya siku ile, na tarehe yako inapatikana hapo, kuliko kwenye lebo iliyoandikwa baadaye na mtu aliyenakili nakala ya nakala.

Kwenye orodha yangu kila onyesho lina hali yake: limetangazwa, limethibitishwa, au halikufanyika, na pembeni naandika kwa ushahidi gani. Mtihani wangu ni kumbukumbu za watu. Wawili wakisimulia jambo moja bila mmoja kumsikia mwenzake, nathibitisha. Wakiwa wameshaliona bango mtandaoni, siwezi tena kujua wanakumbuka usiku ule au wanakumbuka bango. Na utaratibu huu mkali una gharama yake. Bendi iliyokuwa na fundi mitambo na kaseti za kutosha inathibitishwa yote. Watoto wa miaka 15 waliopiga mara tatu kwenye ukumbi wa kanisa, bila mtu wa kurekodi, wanabaki "limetangazwa" milele. Sijapata dawa ya hilo. Ninachofanya ni kutowafuta: bango lao linabaki kwenye orodha na matundu yake yote, na safu ya ushahidi naiacha wazi.