Kwa nini anayekosa maswali mengi ya GMAT bado hupata alama za juu?

Kuna mhitimu wa Nairobi anayetoka kwenye chumba cha GMAT amenuna. Maswali yalizidi kuwa magumu, mengine alibahatisha, na kwa hesabu yake amekosa karibu theluthi. Kumbe alama zilizotokea kwenye skrini zinamtosha kabisa.

Hesabu yake ndiyo iliyompotosha. Tuliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, tumezoea karatasi moja kwa wote: kila swali na alama zake, msahihishaji anajumlisha, mambo yamekwisha. Ukikosa nusu, umepata nusu. GMAT, mtihani unaotumiwa na shule nyingi za biashara duniani kuchuja waombaji wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara), haujumlishi hivyo. Tangu 1997 hufanywa kwenye kompyuta, nayo huchagua swali linalofuata kwa kutazama ulivyojibu yaliyotangulia. Ukipatia, linakuja gumu zaidi. Ukikosa, linalegea kidogo. Kwa hiyo watahiniwa wawili wanaweza kukosa maswali sawa kwa idadi na bado wakapishana mbali kwa alama.

Mfikirie muuza makoti ya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Hajui mfukoni una ngapi, basi anaanzia katikati: shilingi 800. Ukikubali upesi, koti linalofuata anakutajia 1,200. Ukikataa, anashuka hadi 1,000. Baada ya makoti machache ameshakujua, na kila bei anayotaja inaangukia palepale unapoanza kusitasita. Hahesabu umekataa mara ngapi. Mwenye 5,000 naye atakataa mara nyingi vilevile, ila yeye anakatalia bei za juu. Kompyuta ya GMAT inatafuta mahali hapo pa kusitasita, na ikishapapata inakuweka hapo hapo. Ndiyo maana hodari na wa wastani wote hutoka wakilalamika kwamba wamebanwa.

Mfano huo hauendi hadi mwisho. Kompyuta huzingatia pia uwezekano kwamba umebahatisha, na GMAC, wenye mtihani, hawajaweka kanuni yao yote hadharani. Ushauri wa vijiweni kwamba uyang'ang'anie maswali ya kwanza una hatari yake: kila sehemu ina dakika 45 tu, na kuacha maswali bila kujibu kunakata alama vibaya.

Toleo la sasa lilianza Novemba 2023: sehemu tatu, maswali 64, alama 205 hadi 805, zote zikiishia na 5 ili zisichanganywe na zile za zamani zilizoishia na sifuri. Usizilinganishe moja kwa moja. 645 ya leo inakuweka karibu na alipokuwa mwenye 700 wa zamani.

  

Toleo jipya linakuruhusu pia kurudi nyuma na kubadilisha majibu hadi matatu katika kila sehemu, mradi umemaliza maswali yake na muda umebaki. Lakini wakati huo maswali yote ya sehemu hiyo umeshaletewa. Ukisahihisha la tano, la sita halitageuka kuwa gumu zaidi. Kinachobadilika ni makadirio ya kiwango chako tu.