Antioksidanti na uzee: dhana potofu zinazowagharimu wazee wetu

Dhana: Ukimeza antioksidanti nyingi, utachelewa kuzeeka.

Mwaka 1956 Denham Harman, mwanasayansi wa Marekani, alieleza kuwa seli zinapotumia oksijeni huzalisha chembe huru, na kwamba chembe hizo huharibu mafuta, protini na DNA kidogo kidogo hadi mwili unachakaa. Antioksidanti, kama vitamini C na E, ni viini vinavyozidhibiti chembe hizo. Uharibifu huo upo kweli, lakini haina maana kwamba dawa yake ni kidonge. Mwili wenyewe hutengeneza vimeng'enya vinavyozidhibiti chembe hizo ndani ya seli. Tena si zote za kufukuzwa: seli nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria, na misuli huzihitaji ili mazoezi yalete faida. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana waliokuwa wakifanya mazoezi vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 kwa siku. Wenzao wasiomeza chochote, miili yao ilianza kuitikia insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, vizuri zaidi. Waliomeza vidonge waliikosa faida hiyo.

Dhana: Visiposaidia, basi havidhuru, ni vitamini tu.

Hapa ndipo ninapoomba usome taratibu. Watu waliokula kwa wingi mboga na matunda yenye betakarotini (antioksidanti inayoipa karoti rangi yake, na ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) walikuwa wameonekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi, hivyo matumaini yalikuwa makubwa. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa katika makundi: wengine wakapewa betakarotini, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Huko Marekani, utafiti wa CARET uliochanganya betakarotini na vitamini A ulisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, kwa sababu saratani hiyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28. Mwaka 2011 ikaja zamu ya vitamini E: wanaume waliopewa yuniti 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Watu hawa walijitolea wakitumaini kukingwa na ugonjwa uleule. Ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia mtu akiuziwa vidonge hivi kwa maneno "ni vya asili, havina shida." Mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu akiongeza vitamini E nyingi juu yake.

Dhana: Basi hata mboga na matunda ni kelele tu.

Hapana. Chakula huja na nyuzinyuzi, potasiamu, folati na mengine mengi yanayofanya kazi kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mapishi nayo yana uzito wake: nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo hutoa likopeni, antioksidanti inayoipa nyanya wekundu wake, kwa urahisi kuliko mbichi, ilhali vitamini C hupotelea kwenye maji ya kuchemshia.

Dhana: Mzee hahitaji kula sana, supu nyepesi inamtosha.

Hii ndiyo inayodhuru kimyakimya. Nishati anayohitaji hupungua, ila protini haipungui. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60 (mwenye ugonjwa wa figo afuate ushauri wa daktari wake). Zikikosekana, misuli ya mapaja hunyauka, kuinuka kitini kunakuwa kazi, na kuanguka kunafuata.

Kuna pia vitamini B12. Umri ukisonga, tumbo la wengi hutoa asidi kidogo, na bila asidi hiyo B12 iliyo ndani ya nyama, mayai na maziwa haitoki vizuri. Matumizi ya muda mrefu ya metformin (dawa ya kisukari) au dawa za kupunguza asidi huzidisha tatizo. Dalili zake ni ganzi miguuni, kuyumba, uchovu na kusahau, na mara nyingi familia husema "ni uzee huo." Hapa kidonge au sindano husaidia kweli, kwa hiyo mzee mwenye dalili hizi apimwe damu mapema, kwa sababu mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 huenda isipone kabisa.